Kwa nini wanafunzi wa Marekani wote wanang'ang'ania kalkuleta ya TI-84?

mzazi_columbus: Wakuu, binti yangu anaanza hesabu za juu hapa Ohio. Orodha ya vifaa imetaja TI-84 Plus peke yake, zaidi ya dola 100. Casio ndiyo ilitangulia kutoa kalkuleta ya kuchora grafu, fx-7000G ya 1985. TI-81 ya Texas Instruments (TI) ilikuja 1990. Imekuwaje aliyechelewa akashika soko?

mwl_pcm: Mwanafunzi hachagui, anachagua mwalimu. Texas Instruments waliwafuata walimu kwa T³, mafunzo ya walimu ya kutumia kalkuleta, yaliyoanzia chuo kikuu cha Ohio State, hapohapo mjini kwako. Mwalimu akifundisha kwa TI, mwenye Casio anabaki kutafuta kitufe wenzake wakiwa swali la tatu. AP Calculus, mtihani wao wa hesabu za juu, ilipodai kalkuleta za grafu, katikati ya miaka ya 1990, TI walishaingia darasani. Kwetu Tanzania za grafu hazina soko kwa sababu mtihani unakataa zinazoprogramiwa. Afadhali hivyo. Angalieni Wakenya, wamezoea kubonyeza hadi log, yaani logarithimu, hawaijui.

jirani_thika: Log hatujui? KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, inaruhusu kalkuleta na majedwali ya hesabu ya KNEC, baraza letu la mitihani, na bado swali linakuagiza utumie logarithimu, uonyeshe kazi. Unatusema bila kuuona mtihani wetu. Nyinyi miaka mingi mlimnyima mtoto kalkuleta hadi amalize kidato cha nne, halafu mkaita hiyo akili!

kidato6_moro: Kaka, majedwali yamenifundisha kukadiria jibu kabla ya kulitafuta. Kidato cha sita tunaruhusiwa kalkuleta na hatujapotea.

jirani_thika: Wewe hujapotea. Waliochukia hesabu wakiwa kidato cha pili kwa sababu ya antilogi, ile ya kuirudisha log kuwa namba, nani anawasemea?

mwl_pcm: Hesabu haichukiwi kwa antilogi, inachukiwa kwa kukosa walimu. Usinifundishe kazi yangu.

dada_fizikia: Mnagombania log wakati Kariakoo kumejaa kalkuleta feki za Casio fx-991. Mtoto ananunuliwa kwa jina la Casio, siku ya mtihani kitufe kimekwama. Kwetu jina linabeba kila kitu kwa sababu kaka alikuwa nayo, na mdogo wake anairithi pamoja na mbinu zake.

mzazi_columbus: Jamani, SAT, mtihani wa kuingia chuo huku, sasa ni ya kompyuta na ina Desmos, kalkuleta ya grafu, ndani yake, bure. Bado ninunue TI?

jirani_thika: Mwalimu ajibu kwanza kuhusu log.