Mtoto wa miaka sita na safari ndefu ya farasi: naomba ushauri

Wapendwa, hamjambo. Binti yangu ana miaka sita. Mjomba wake hutunza farasi kwenye shamba moja huku Njoro, na sasa anataka wapande pamoja safari ya kilomita 20, kila mmoja na farasi wake. Mtoto amefurahi hata halali.

Mimi moyo unasita. Kuzunguka uwanjani kidogo sina neno. Lakini saa nzima nzima juani, juu ya tandiko? Miguu yake haifiki vizuri kwenye vikuku vya kukanyagia hata mikanda yake ikifupishwa hadi tundu la mwisho, na akichoka mikono huachia hatamu. Farasi akishtuliwa na bodaboda, nani atamzuia?

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, halipokei mpandaji kwenye mashindano yake ya masafa marefu kabla ya mwaka anaotimiza miaka 14. Na huko farasi hupimwa njiani. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika kwa muda uliowekwa, anatolewa. Mtoto je, anapimwa na nani?

Wenye watoto wanaopanda, mliwaanzisha na umri gani, umbali gani? Na shemeji nimwambieje asione nimemdharau?