Mafundi wa kompyuta mnaojua kupiga Windows tu, mnatumaliza!

Wakuu, leo nina hasira, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Nina kisteshenari changu Mbagala: kopi, kuchapa, kujazia watu fomu za mtandaoni. Mashine ni kompyuta ya mezani, mtumba wa Ulaya. Mwezi wa tano niliona imekuwa nzito, nikaipeleka duka moja Kariakoo wakaniongezea RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa zikifanya kazi) kutoka GB 4 hadi GB 8. Sh 35,000. Hilo liwekeni akilini.

Wiki ileile ikaanza kuganda. Sisemi nzito, nasema KUGANDA. Kishale kinasimama, saa ya pembeni inasimama, kama kuna wimbo unabaki unakwaruza trrrrr palepale, ukibonyeza Caps Lock taa haishtuki. Hapo ni kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Inaweza kukaa siku 2 kama malaika, siku ya tatu ikaganda mara 4 kabla ya adhuhuri. Halafu ikaingia Julai, msimu wa maombi ya mkopo wa chuo. Mtoto wa watu amebakiza kupakia cheti cha kuzaliwa, kwishnei, tunaanza upya, na foleni nyuma yake inaninunia mimi.

Nikarudi kwa fundi wa duka lilelile. Hakuuliza hata swali moja. "Windows imechoka hiyo." Akapiga Windows, yaani akaifuta na kuiweka upya, 20,000. Siku 3, ikaganda. "Basi ina virusi." Akapiga tena, 20,000. Ikaganda. Akapiga ya tatu! 20,000 nyingine, eti ile ya kwanza haikuwa nzuri. Windows gani isiyo nzuri, ilichacha?

Nilipowaka akafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, akanionyesha tukio la Kernel-Power 41 kwa kujiamini kabisa: "Dada yangu, unaona neno pawa hapo? Pawa saplai imekufa." 45,000. Nimekuja kusoma baadaye maelezo ya Microsoft wenyewe: hiyo 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Sasa si nilikuwa naizima mimi kwa kidole kila ikiganda? Nimelipa 45,000 kwa kidole changu mwenyewe.

Baada ya pawa saplai (kile kisanduku kinachoipa mashine umeme) akaniuzia SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, 80,000. Ikawa inawaka haraka kweli, na kuganda haraka vilevile. Aliponiambia "mathabodi hiyo, leta laki na nusu", yaani lile bamba kuu linalobeba vipande vyote, nikabeba mzigo wangu nikapanda daladala nikarudi nyumbani.

Ndipo mdogo wangu akanipa wazo ambalo lingeniokoa tangu siku ya kwanza. Tuliweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, tukachomoa SSD kabisa, tukawasha kwa flashi tu. Baada ya dakika 40 ikaganda vilevile, trrrrr. Yaani hapo ndani hakuna Windows wala diski, na bado imeganda. Zile 60,000 za kupiga Windows zilikwenda wapi? Joto tuliangalia, prosesa nyuzi 58, na feni inazunguka. Kapasita, vile vikopo vidogo kwenye mathabodi, hakuna iliyovimba.

Tukaweka Memtest86+ kwenye flashi, ni programu ya bure ya kupima RAM, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi kioo kina mistari myekundu, makosa zaidi ya 400. Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukatoa RAM zote mbili, tukasugua meno kwa ufutio wa penseli, tukajaribu moja moja. Ya zamani, safi kwenye sloti zote mbili, yaani matundu ya kuchomekea RAM. Ile waliyoniuzia wao ina makosa sloti ya kwanza, ina makosa sloti ya pili. Kwa hiyo si sloti, si mathabodi, ni kile kipande chao. Ndiyo maana ilikuwa inaganda inapojisikia: palipooza ni vijisehemu vichache tu, programu isipokaa hapo huoni kitu. Nikifungua madirisha kumi ya wateja, lazima moja litue kwenye shimo.

Nimetumia GB 4 zangu za zamani wiki ya pili sasa. Nzito, lakini haijaganda hata mara moja.

Hesabu: 35,000 ya RAM mbovu, 60,000, 45,000, 80,000. Jumla 220,000, na wote huo ni ugonjwa walioniuzia wenyewe, kisha wakawa wananitibu kwa malipo! Fundi mzima hajiulizi "hii mashine imeguswa nini kabla ya kuanza kuumwa?" Hata mganga wa kienyeji anauliza ulikula nini jana.

Nimewapigia. Jibu: "Dada, hiyo umeme wa huko kwenu umeiunguza, na RAM haina waranti. Una risiti?" Risiti niliomba siku ile, mkaniambia mashine ya risiti haina mtandao.

Sawa. Jumamosi nakuja na flashi yangu na hicho kipande. Tutakichomeka kwenye mashine yenu, kwa umeme wenu, mbele ya wateja wenu, nami nimebeba kigoda na chakula cha mchana. Aliye karibu na Kariakoo na ana bisibisi nzuri anifuate PM.