MREJESHO: Kozi za mtandaoni kwa wanaohudumia waraibu (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tatu niliuliza hapa: mhudumu wa soba hausi (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha) Tanga, asiye na hela ya chuo, asome wapi kwa simu? Nimerudi.

Nilifuata ushauri wa kuanza na mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa wa akili. Dada uliyesema nipakue masomo kwa bando la usiku, Mungu akubariki.

Kilichonifaa zaidi ni AUDIT, maswali 10 kuhusu unywaji pombe. Alama 8 kwenda juu ni dalili ya hatari. Ila hapo ndipo nilipokwama: maswali yanahesabu kinywaji kwa vipimo, kipimo kimoja ni gramu 10 za kilevi, na wazee wetu wanakunywa mnazi kwa kata! Tukakubaliana na nesi mmoja tuulize kwanza chombo anachonywea mtu, ndipo tukadirie. Ni makadirio tu, lakini sasa mazungumzo yanaanza bila mtu kujiona anashtakiwa.

Yaliyogoma: kundi la WhatsApp la kusomea lilikufa wiki ya tatu (na mimi nilichangia, nisiwasingizie wengine). Cheti nacho, sehemu niliyoomba kazi walitaka cha chuo. Tena ushauri nasaha haushiki kwa video peke yake. Kila Alhamisi nakaa pembeni ya mshauri mzoefu, nasikiliza.

Aliyeuliza kuhusu methadoni: hiyo ni dawa, hutolewa kliniki kwa waraibu wa heroini na jamii yake. Kozi haikupi ruhusa ya kuigusa.

Ahsanteni sana.