Gari lililotumika kwa vijana wa miaka 17: tuchukue lipi, na bima iandikwe kwa jina la nani?

Mama Pacha
Pacha wangu, msichana na mvulana, wametimiza miaka 17 na wote wawili wamepata leseni mwezi huu. Tumekubaliana nyumbani kwamba watatumia gari moja, lililotumika, na hapo ndipo makubaliano yetu yalipoishia. Baba yao anataka kigari chenye injini ndogo kwa sababu, asemavyo, hakina mbio, hakinywi mafuta na bima yake ni nafuu. Mimi nikikitazama kile kibati naona magoti ya mwanangu ndiyo bampa. Naomba wenye uzoefu watuamue: dogo au kubwa kiasi, la miaka ya karibuni au la zamani, bima kubwa au ile ndogo ya kuwalipa waliogongwa tu?

Fundi wa Gereji
Dada, ukubwa ni swali la tatu. La kwanza ni kama gari lina mfumo wa kuzuia mteleko, yaani ule unaoshika breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kupotoka kwenye kona. Dereva mgeni akishtuka huzungusha usukani kupita kiasi, kisha huurudisha kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo gari linapomshinda. Mfumo huu humsahihisha kabla hajajua kwamba amekosea. Marekani iliulazimisha kwa magari ya abiria kuanzia toleo la 2012, na Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014, kwa hiyo ukichukua la zamani kuliko hapo usiamini neno la dalali. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha utazame dashibodi: taa yenye picha ya gari na mistari iliyojipinda nyuma yake lazima iwake, halafu izimike. Ya mkoba wa hewa, ule unaofumuka kumkinga mtu ajalini, vivyo hivyo. Taa isiyozimika inakuambia kuna ubovu. Taa isiyowaka kabisa inakuambia kwamba huenda mtu amechomoa globu ili usiambiwe.

La pili ni namba ya chesisi. Ichukue uiingize kwenye orodha ya mtengenezaji ya magari yaliyoitwa kurekebishwa. Mikoba ya hewa ya Takata iliwekwa katika mamilioni ya magari ya chapa nyingi, na ikagundulika kwamba kilipuzi chake kikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Kampuni yenyewe ilifilisika 2017, lakini magari yenye mikoba yake bado yanauzwa mkononi.

Mzee Mkavu
Mnahangaika bure. Mimi nimewapitisha watoto watatu katika kigari kimoja kidogo, na hakuna aliyevunjika hata ukucha. Kuhusu bima, nilijiandika mwenyewe kuwa dereva mkuu, nao nikawaongeza mmoja mmoja kama madereva wa ziada, na ada ikashuka karibu nusu. Bibie, nunua dogo, andika jina lako, ulale usingizi.

Kilo Elfu
Mzee, kutovunjika ukucha si ushahidi wa gari. Ni ushahidi wa bahati. Magari mawili yakikutana uso kwa uso, lililo jepesi ndilo linalorudishwa nyuma, na mwili wa aliye ndani hupokea mabadiliko yote ya mwendo. Taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama barabarani, IIHS, huwashauri wazazi waepuke vigari vidogo kabisa, na papo hapo waepuke injini zenye nguvu nyingi. Watu husikia nusu ya kwanza wakasahau ya pili, wakampa mtoto jigari la farasi mia tatu kwa jina la usalama. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 70 ni karibu mara mbili. Tafuta saluni ya ukubwa wa kati, yenye injini ya kawaida na isiyomvutia mtu yeyote. Ikiwapo rangi inayowaaibisha vijana, chukua hiyo.

Mtembea kwa Miguu
Kwa hiyo usalama wa mwanao unanunuliwa kwa uzito utakaomwangukia mwanangu anayevuka barabara. Nashukuru kwa ufafanuzi.

Wakala Mstaafu
Ya uzito nawaachia. Mimi sikulala vizuri baada ya kusoma maneno ya Mzee Mkavu, kwa sababu alichokieleza kwa fahari kina jina, nalo ni udanganyifu. Kumwongeza kijana kama dereva wa ziada ni halali kabisa ikiwa kweli gari ni la mzazi na kijana hulitumia mara mojamoja. Lakini gari likilala nje ya chumba chake, likaenda naye masomoni kila asubuhi, na mzazi akaandikwa kuwa dereva mkuu ili ada ishuke, basi fomu ile imesema uongo, na kampuni ikigundua siku ya ajali inaweza kuufuta mkataba. Aliyegongwa, kwa sheria za nchi nyingi, atalipwa; kisha kampuni itamgeukia aliyeweka saini kudai fedha zake.

Mzee Mkavu
Miaka thelathini nimelipa bima bila kudai hata kioo, na leo naitwa mwongo na mtu aliyekula kamisheni kwenye kila shilingi niliyotoa. Gari lilinunuliwa kwa fedha zangu, kadi ina jina langu, tairi nilibadilisha mimi. Nani dereva mkuu kama si mimi? Mtoto ni mpangaji tu wa usukani.

Wakala Mstaafu
Mzee wangu, kadi husema nani mwenye mali, nayo fomu ya bima huuliza nani anayeendesha zaidi. Ni maswali mawili tofauti, nawe uliyajibu kwa jibu moja. Na sikusema u mwongo. Nilisema fomu ilisema uongo.

Mzee Mkavu
Fomu haina mkono. Mkono ni wangu. Kwa hiyo umesema.

Dada wa Nyuma
Naomba nimtetee mzee kidogo, si kwa kitendo bali kwa sababu. Kampuni zinapomtoza kijana ada inayokaribia bei ya gari lenyewe, zinamsukuma mzazi kwenye kona hiyo. Isitoshe, wanatoza kwa makundi: mvulana analipa zaidi hata kama dada yake ndiye anayekata kona kwa tairi mbili. Nakumbuka mahakama ya Ulaya ilikataza jambo hilo mwaka 2012.

Wakala Mstaafu
Hukumu ilitolewa tarehe 1 Machi 2011, katika shauri la chama cha watumiaji cha Ubelgiji, Test-Achats. Ilianza kutumika kwa mikataba mipya tarehe 21 Desemba 2012. Tangu hapo kampuni za Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kupanga ada kwa jinsia, ingawa umri wanaupanga watakavyo. Katika nchi nyingine kadhaa jinsia bado huulizwa, hivyo Mama Pacha aulize ada ya kila pacha peke yake kabla ya kuomba ya wote wawili pamoja.

Fundi wa Gereji
Mmeacha gari mnagombania karatasi. Narudia: namba ya chesisi.

Leseni Mbichi
Nina miaka 19 na nimesoma mjadala huu wote kama mzigo unaosikiliza wapagazi wakibishana. Baba yangu alifanya kama Mzee Mkavu, kwa mapenzi, na sikujua. Mwaka wa pili niligonga nguzo ya lango nikirudi nyuma kwa mwendo wa kobe. Bampa ilipasuka na taa moja ikafa. Mtu wa bima aliuliza maswali matatu tu, kwa upole: gari hulala wapi, nani aliliendesha jana, nani aliliendesha juzi. Nilijibu kweli mara tatu, na baba aliyekuwa amesimama kando yangu akaanza kutazama viatu vyake. Hatukulipwa. Hilo halikuniuma kama nilipotaka kukata bima yangu mwenyewe nikaulizwa kuhusu miaka yangu ya kutodai, ile inayompunguzia dereva ada, nikakuta sina hata mmoja, kwa sababu miaka yote miwili ilikuwa ya baba. Nikaanza upya kama mtoto wa 17.

Mzee Mkavu
Pole, mwanangu. Lakini nguzo hukuigonga kwa sababu ya fomu.

Leseni Mbichi
Hapana, Mzee. Niliigonga kwa sababu kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa gundi, kwa maana gari lilinunuliwa kwa bei ya kutupa ili fedha ibaki ya bima. Fundi angekiona kioo hicho kwa dakika moja.

Fundi wa Gereji
Nusu dakika.

Kilo Elfu
Na hata pale ambapo hakuna ajali, hesabu ya mzee ni ya hatari. Mkataba ukifutwa, kijana anaendesha bila bima. Nchini Uingereza kosa hilo ni pointi 6 za adhabu kwenye leseni kwa uchache, na dereva ambaye hajamaliza miaka miwili tangu afaulu mtihani hupoteza leseni akifikisha pointi hizo 6. Kijana anaweza kuvuliwa leseni kwa saini isiyo yake.

Mtembea kwa Miguu
Naomba nirudishe hoja yangu ambayo hakuna aliyeigusa. Kwa nini tunajadili ngao ya gari badala ya saa na abiria? New Zealand ilianza leseni ya ngazi kwa ngazi tangu 1987: kijana huanza na msimamizi, kisha peke yake bila kuendesha usiku wa manane wala kubeba wenzake, na mwisho ndipo apewe leseni kamili. Nchi nyingi zimefuata. Kijana aliye peke yake mchana na kijana huyohuyo akiwa na marafiki watatu saa sita za usiku si dereva mmoja, hata gari likiwa kifaru. Mzazi anaweza kuweka sheria hiyo nyumbani bila kungoja bunge.

Leseni Mbichi
Hapo nakubali nusu. Nilifungiwa kile kifaa cha bima kinachoandika mwendo, breki na saa za safari, na mwezi wa kwanza kilinishusha alama kwa kuendesha usiku, ilhali nilikuwa natoka kazini. Breki za ghafla pia kilizihesabu, pamoja na ile niliyoshika ili nisimgonge mbuzi. Kifaa hakimwoni mbuzi. Hata hivyo ada ya mwaka uliofuata ilishuka, kwa hiyo nakilalamikia nikiwa nimekishukuru.

Dada wa Nyuma
Mbuzi huyo naye alikuwa ameandikwa dereva wa ziada?

Wakala Mstaafu
Nijibu swali la bima kubwa na bima ndogo, maana limezeekea juu kabisa ya ukurasa. Bima kubwa hulipa thamani ya gari siku ya ajali, si bei uliyonunulia, na hukata ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye gari aibebe. Kwa vijana sehemu hiyo huongezwa, na mara nyingi huandikwa ukurasa ambao hakuna anayeufikia. Gari la zamani likiwa na thamani ndogo, unaweza kulipa ada kubwa miaka miwili ili siku ya ajali upokee kiasi kidogo kuliko ulichotoa. Hapo bima ndogo ina maana, mradi mwenye gari awe na uwezo wa kulipoteza bila kukopa. Lakini ulizia zote mbili. Uingereza imetokea mara nyingi kwamba bima ndogo ni ghali kuliko kubwa kwa kijana, kwa sababu waliokuwa wakiikimbilia walikuwa ndio wenye madai mengi. Na uliza bei ya bima kabla ya kununua gari: gari mbili za bei moja zinaweza kutofautiana sana kwa ada, kutokana na nguvu ya injini, bei ya vipuri na jinsi zinavyoibwa.

Mama Pacha
Nimerudi. Jana tulikwenda kutazama saluni ya ukubwa wa kati, toleo la 2013, pamoja na pacha wote wawili. Taa zote za dashibodi ziliwaka na kuzimika kama Fundi alivyosema. Kilomita zilisomeka elfu sitini na kidogo, lakini binti yangu aliinama akanionyesha pedali ya breki: mpira wake umelika upande wa kulia hadi chuma kinang'aa, na usukani umekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kwenye ubavu wa tairi tukasoma tarakimu nne, 1114.

Fundi wa Gereji
Wiki ya 11 ya mwaka 2014. Hizo hazifai hata kwa bembea. Na pedali ya namna hiyo haijakanyagwa kilomita elfu sitini. Kuna mtu aliyerudisha nyuma namba. Gari la kilomita nyingi lililotunzwa si kosa, kosa ni lile linaloficha umri. Namba ya chesisi ilisemaje?

Mama Pacha
Mkoba wa hewa wa upande wa abiria uliitwa kubadilishwa na haujabadilishwa. Muuzaji alisema hilo ni jambo dogo. Mwanangu wa kiume, ambaye ndiye angekaa upande huo dada yake akiendesha, alimwuliza kama yuko tayari kukaa yeye. Tukaondoka. Jumamosi tunatazama jingine, na Fundi, ikiwa gereji yako ingekuwa karibu ningekuja kukuchukua kwa miguu. Kuhusu bima, nimeomba bei kwa majina yao wawili, kila mmoja akiwa dereva wa kweli. Ilinibidi nikae kitako nilipoisoma. Baba yao kwa sasa anasema waendelee kutembea.

Mtembea kwa Miguu
Hatimaye mtu mwenye busara katika familia hiyo.

Mzee Mkavu
Mimi bado nasubiri kuombwa radhi.