Mkate wa ndizi bila unga wa ngano wala sukari: kwa nini wangu unabaki mbichi katikati?

Binti wa Dodoma ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Baba yangu ana umri wa miaka 71, na mwaka jana aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Amekubali kuacha sukari kwenye chai na amekubali kupunguza wali, lakini kinachomhuzunisha waziwazi ni kukosa kitafunwa chake cha saa kumi jioni, kwa sababu tangu ujana wake amezoea kunywa chai kwa kipande cha keki. Nimeamua kumwokea mkate wa ndizi usio na unga wa ngano wala sukari ya kuongeza, ili utamu wote utoke kwenye ndizi zenyewe.

Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimeshindwa. Maelekezo niliyoyapata yalitaka ndizi 3 kubwa, vikombe 2 vya oti (zile ambazo baadhi ya wauzaji huziita shayiri, ingawa shayiri halisi ni nafaka nyingine), mayai 2, na bekingi pauda. Kwa kuwa nilikuwa na ndizi za kisukari, ambazo ni ndogo, niliweka 12, nikiamini kwamba zikizidi zitafidia utamu wa sukari niliyoiacha. Mayai yalikuwa ya kienyeji. Niliweka oti nzima bila kuzisaga, nikaoka kwa nyuzi joto 200 kwa dakika 45. Juu uliiva hadi ukawa mweusi, lakini katikati ulibonyea, na nilipoukata ndani ulikuwa kama uji mzito unaonata kwenye kisu.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, nimekosea wapi? Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi, je, mkate wa namna hii unamfaa kweli mgonjwa wa kisukari, au ninajidanganya kwa sababu tu sikutia sukari?

Mwokaji wa Moshi amejibu:

Dada, pole kwa kazi iliyoharibika, maana najua bei ya oti. Mimi huoka kwa ajili ya kuuza, na mkate huu ulinichukua miezi kadhaa kuuelewa. Kosa lako kubwa ni moja lililojirudia mara mbili: ulihesabu vitu ambavyo vilipaswa kupimwa kwa mizani.

Maelekezo mengi ya aina hiyo yameandikwa kwa kufuata ndizi ndefu zinazouzwa katika maduka ya nje, ambazo zikimenywa hutoa takribani gramu 120 kila moja. Ndizi 3 za namna hiyo ni gramu 360. Ndizi za kisukari nilizowahi kuzipima mimi zilikuwa kati ya gramu 45 na 60 baada ya kumenywa, kwa hiyo 12 ni kati ya gramu 540 na 720. Ndizi mbivu ni maji kwa takribani robo tatu ya uzito wake, na kadiri inavyoendelea kuiva ndivyo sehemu ya maji ya ganda inavyoingia ndani ya nyama yake. Wewe uliongeza karibu glasi nzima ya maji bila kujua.

Jambo la mayai ni zito zaidi. Katika keki ya kawaida, unga wa ngano ndio mhimili, kwa sababu protini zake zikikutana na maji hufanya utando unaoshikilia hewa mpaka keki iive. Ukiuondoa unga huo, mhimili unabaki kuwa yai peke yake, ambalo huganda kwa moto na kuzishika chembe nyingine pamoja. Yai la kisasa bila ganda lina takribani gramu 50, lakini la kienyeji mara nyingi halifiki 40. Mayai yako 2 ya kienyeji yalikuwa yamebeba ndizi karibu mara mbili ya zile zilizokusudiwa. Yangewezaje kuusimamisha mkate huo?

Vipimo vyangu kwa chombo kimoja cha mstatili ni hivi: ndizi zilizomenywa gramu 400, oti gramu 200, mayai 3 ya kisasa au 4 ya kienyeji, siagi ya karanga isiyo na sukari gramu 60, vijiko vidogo 2 vya bekingi pauda, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha mdalasini, na iliki iliyotwangwa kwa kadiri unavyopenda. Iliki na mdalasini usivione kuwa ni pambo, kwa sababu mtu aliyezoea sukari huzihusisha harufu hizo na utamu.

Saga oti kwenye blenda kavu mpaka zilainike. (Hapo ndipo watu hubishana, kwamba oti zikisagwa si zimekuwa unga? Ni unga, naam, lakini si unga wa ngano.) Ponda ndizi, changanya na mayai na siagi ya karanga, kisha tia oti pamoja na vikolezo, na uache rojo hilo litulie kwa dakika 15. Usiruke hatua hii, kwa sababu oti hunywa maji polepole, na rojo linaloonekana jepesi mwanzoni litakuwa zito baadaye. Bekingi pauda uichanganye mwisho, baada ya rojo kutulia, ili nguvu yake isipotee mezani.

Oka kwa nyuzi 170, si 200, kwa dakika 50 hadi 60. Sukari ya ndizi huungua upesi, na ndiyo maana juu ulikuwa mweusi wakati ndani haujaiva. Ikiwa unacho kipimajoto cha chakula, katikati pafike nyuzi 93 au zaidi. Ukitoka, usiukate mpaka upoe kabisa, walau saa 2. Najua harufu yake inavyosumbua nyumba nzima, lakini mkate huu hukamilika kujishika ukiwa unapoa, na ukiukata wa moto utadhani ni mbichi hata kama umeiva.

Afisa Lishe amejibu:

Namshukuru aliyetangulia kwa maelezo yake ya uokaji, nami nitajibu swali la pili, kwa kuwa ndilo linalogusa afya ya mzee.

Neno "bila sukari ya kuongeza" ni la kweli, lakini halina maana kwamba mkate hauna sukari. Ndizi mbichi imejaa wanga, na inapoiva wanga huo hugeuka kuwa sukari, ndiyo sababu ndizi yenye madoa meusi ni tamu kuliko ile ya manjano safi. Gramu 100 za ndizi mbivu zina takribani gramu 23 za kabohaidreti (yaani wanga, sukari na nyuzinyuzi kwa pamoja), ambazo zaidi ya nusu yake, kama gramu 12, ni sukari. Oti nazo ni kabohaidreti kwa karibu theluthi mbili ya uzito wake. Nimefanya hesabu ya vipimo alivyovitoa Mwokaji: mkate mzima unafika takribani gramu 235 za kabohaidreti, na ukikatwa vipande 12, kila kimoja kinabeba kama gramu 20. Kipande chembamba cha mkate wa dukani, yaani boflo, kina gramu 12 hadi 15. Kwa hiyo, dada yangu, kipande kimoja cha mkate wako wa ndizi kinaweza kumpa mzee kabohaidreti nyingi kuliko kipande cha boflo.

Sikuambii hivyo ili nikukatishe tamaa. Tofauti iko katika namna kabohaidreti hizo zinavyoingia mwilini. Oti zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na mayai pamoja na karanga huongeza protini na mafuta yanayosaidia kazi hiyohiyo. Ila mtu akila vipande vinne kwa sababu ameambiwa "huu hauna sukari", faida yote hiyo haitamsaidia. Kipande kimoja kwa chai isiyo na sukari kinatosha, na siku hiyo apunguze kabohaidreti nyingine katika mlo unaofuata.

Ushauri wangu ni kwamba mpime. Ikiwa ana mashine ya kupimia sukari nyumbani, apime kabla ya kula na saa 2 baada ya kula, kwa siku mbili au tatu tofauti. Majibu ya mwili wake mwenyewe yana thamani kubwa kuliko hesabu zangu. Yaandikeni na kuyapeleka kliniki anakohudhuria, hasa kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari.

Nawaomba pia wanaosoma wasibadilishe sukari kwa asali wakadhani wameikwepa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali pamoja na juisi za matunda katika kundi moja na sukari ya mezani, na linapendekeza kundi hilo lisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Tende nazo, ingawa zina nyuzinyuzi, ni sukari kwa takribani theluthi mbili ya uzito wake.

Binti wa Dodoma amejibu:

Nawashukuru nyote wawili kwa moyo wote. Habari ya boflo imenishtua, na ni heri nimeijua sasa. Naomba niulize tena: je, kuna namna ya kupunguza kabohaidreti hizo zaidi? Na jambo jingine, baba hukaa nusu ya mwaka kijijini kwa dada yangu, ambako hakuna oveni wala oti, kuna jiko la mkaa tu.

Bibi wa Pangani amejibu:

Mwanangu, nimefurahi kuona mtoto anayehangaikia kitafunwa cha baba yake. Huko kijijini mwachie dada yako karanga na mkaa, vinatosha.

Sisi huku pwani mkate usio na ngano si jambo geni. Mkate wa kumimina tumeurithi kwa mama zetu, ni mchele uliolowekwa usiku kucha na kusagwa kwa tui la nazi, na hauna hata punje ya ngano. Simshauri baba yako aule, kwa sababu una mchele na sukari nyingi, lakini namna ya kuupika ndiyo itakayomsaidia dada yako. Achukue sufuria nzito, aweke makaa machache sana chini, yaliyotawanywa pembezoni, kisha afunike kwa bati au sinia na kupalia makaa mengi juu. Moto wa juu uushinde wa chini, hilo ndilo la kushika. Mkate wa ndizi huungua chini upesi, basi mimi hutandika jani la mgomba ndani ya sufuria baada ya kulibabua motoni ili lisipasuke, nalo huuzuia mkate usigande na huupa harufu ambayo karatasi haiwezi kuitoa.

Badala ya oti, atumie karanga. Mimi hukaanga gramu 250, nikazimenya maganda na kuzisaga mpaka zitoe mafuta yake na kuwa laini. Nachanganya na ndizi gramu 350 na mayai 3 makubwa, bekingi pauda kijiko kidogo kimoja na nusu, chumvi kidogo na iliki. Unaumuka kwa kiasi, hauwi mrefu kama keki, nao ni mzito na wenye mafuta kidogo mkononi. Huwa tayari kwa dakika 40 hivi, na kijiti ukikichoma katikati kinatoka kikavu. Naomba Afisa Lishe atuhesabie kabohaidreti zake.

Dada yako azichague karanga moja moja kwa mkono kabla ya kukaanga. Yoyote iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye kuvu aitupe, wala asiwape kuku. Sumukuvu haimalizwi na moto wa kikaango. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu wako watu wanaopeleka karanga mbovu kusagwa wakiamini kwamba zikisagwa hazionekani.

Halafu ndizi zenyewe. Zikivundikwa haraka haraka ili zipelekwe sokoni, mara nyingi ganda hugeuka manjano na moyo wake ukabaki mgumu, na mkate wake hauna utamu wowote. Azinunue mapema, azining'inize jikoni mpaka zitoe madoa.

Afisa Lishe amejibu:

Bibi, shikamoo. Nimehesabu. Mkate wako wa karanga una takribani gramu 130 za kabohaidreti, na kwa vipande 12 ni kama gramu 11 kwa kila kipande, yaani karibu nusu ya ule wa oti. Kwa mzee huyu, mimi ningeuchagua wako. Una nishati zaidi, takribani kilokalori 165 kwa kipande ukilinganisha na 140 za ule wa oti, kwa hiyo sharti la kipande kimoja linabaki palepale.

Binti wa Dodoma amejibu:

Shikamoo bibi, na asante. Jumamosi nimenunua mizani ndogo ya jikoni na nimeoka ule wa karanga kwenye oveni kwa nyuzi 170. Nilipopima ndizi zangu za kisukari, 7 tu zilifika gramu 350, nami siku ile niliweka 12. Umeiva mpaka katikati, haukubonyea, na nilisubiri saa 2 kamili kabla ya kuukata, ingawa baba alikuja jikoni mara tatu kuuliza.

Kabla ya kula sukari yake ya damu ilikuwa milimoli 6.8 kwa lita, na saa 2 baada ya kipande kimoja na chai ilikuwa 8.1. Kesho nitampimia tena kwa ule wa oti, kisha nitaipeleka karatasi hiyo kliniki tarehe ya miadi yake. Mkate uliobaki nimeukata vipande, nikavifunga kimoja kimoja na kuviweka kwenye friza, kwa sababu usio na sukari nimeona unaanza kuchacha siku ya tatu kwa joto la hapa. Dada nimempigia simu, anasema mkaa anao na mgomba uko nyuma ya nyumba.