Tupeane uzoefu: kazi yako ilipoibwa mtandaoni, ulifanyaje?

Wakuu, uzi huu ni wa wenye kazi zao: wanamuziki, wapiga picha, waandishi wa hadithi. Uliikuta kazi yako kwenye akaunti ya mtu, ukafanya nini? "Serikali itusaidie" tuiweke kando kidogo, semeni yaliyowakuta.

Naanza. Mimi ni prodyuza wa singeli, Mbagala. Wimbo wetu ulivuja kwenye makundi ya WhatsApp kabla hatujautoa. Tulipoupandisha YouTube, tukaletewa dai kwamba ni mali ya mtu mwingine! Kumbe jamaa alishautuma kwa msambazaji wa muziki mtandaoni, nao wakauingiza kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi zilizosajiliwa. Ule mfumo haujui nani katunga, unajua nani kawahi kusajili. Wimbo wetu, hela ya matangazo inaenda kwake. Nikalipinga dai. Hapo mdai anapewa siku 30 za kujibu, na kwa singeli siku 30 ni uzee. Sikusubiri. Nilimwandikia msambazaji mwenyewe, nikamtumia faili la studio: biti peke yake, sauti ya kila kijana peke yake. Mwizi ana wimbo uliokwisha kuchanganywa tu, hizo nyingine hana pa kuzitoa. Dai likaondolewa. Nakala aliyoipandisha kwenye chaneli yake nikaipiga straiki, yaani onyo la hakimiliki la YouTube. Zikifika 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa, ndiyo maana siku hizi ananiita "kaka mkubwa".

*Mpiga picha, Arusha:* Pole mkuu. Yangu ilikuwa picha ya simba, kampuni moja ya utalii ikaiweka kwenye tovuti, jina langu wamelikata. Nikapiga skrinishoti, nikawatumia invoisi, matusi hata moja sikutoa. Wamelipa nusu. Faili halisi la kamera ninalo, nusu iliyobaki watalipa tu.

*Mgeni wa jukwaa:* Samahani wakubwa, kama hukusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, si huna haki?

*Prodyuza:* Hapana mdogo wangu. Kwa Sheria ya Hakimiliki, Na. 7 ya 1999, haki unaipata pale tu kazi inapotengenezwa. Usajili ni ushahidi mkifikishana mbele, na ni vizuri kuwa nao.

*Mwandishi wa hadithi, Tanga:* Nyie mna YouTube wa kumshtakia. Mimi nauza hadithi kwa PDF, mtu ananunua moja kisha anaimwaga kwenye kundi la Telegram lenye watu kibao. Niliripoti, kundi likafutwa, kesho yake lingine. Nikaacha kufukuzana. Sasa kila nakala naiandika namba ya simu ya mnunuzi, kila ukurasa. Iliyovuja mara ya mwisho nilimpigia mwenye namba. Alikata simu, akaniblok, na hanunui tena kwangu.

*Prodyuza:* Dada, hiyo namba unaiandika kwa mkono nakala zote?

*Mwandishi wa hadithi, Tanga:* Naiweka chini ya ukurasa kwenye Word, inajirudia yenyewe kurasa zote. Kisha natoa PDF. Dakika moja kwa mteja.