Naombeni ushauri: seli za figo kwenye asidi, jeni ya GLS imepanda mara 8 lakini roho inasita

Mwana_Tubuli:
Wakuu habari za muda huu. Nipo uzamili, mradi wangu ni kuangalia jeni zipi zinawaka na zipi zinazima seli za figo zikikaa kwenye asidi. Natumia HK-2, zile za binadamu za mrija wa mwanzo wa nefroni (kichujio kidogo cha figo), kwenye DMEM, midia ya kukuzia seli, ya kawaida yenye serumu asilimia 10.

Nilivyofanya: nilimimina midia kwenye bika, nikaiweka juu ya kikorogeo cha sumaku, nikadondosha HCl mpaka mita ikasoma pH 6.9. Ilinichukua kama saa nzima, maana kila nikifika 6.9 inapanda tena, naongeza tone, inapanda. Ilipotulia nikaichuja, nikawawekea seli, nikaziacha saa 48 kwenye inkubeta ya CO2 asilimia 5. Kontroli ni midia ileile isiyotiwa HCl.

Kesho yake asubuhi midia ilikuwa njano kabisa, na siku ya kuvuna karibu theluthi ya seli zilikuwa zinaelea. Nikavuna zilizobakia zimeshika, nikatoa RNA, nikapima kwa qPCR (kipimo cha wingi wa nakala za jeni), kigezo cha kulinganishia ni jeni ya GAPDH. GLS imepanda mara 8. Jeni ya PCK1 ndiyo haionekani, Ct (mzunguko wa qPCR ambao jeni inaanza kuonekana; ikiwa kubwa, nakala ni chache) ni 36 na ushee pande zote mbili. Msimamizi kafurahia hiyo 8 na muhtasari wa kongamano umeshatumwa. Mimi ndiye sina raha. Nimekosea wapi? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Pipeti:
Mdogo wangu, umesita mahali pake. Mchawi wako ni hiyo "inapanda tena".

Midia hii pH yake inashikiliwa na bikaboneti ikishirikiana na CO2. Ukidondosha asidi, bikaboneti inageuka CO2, kikorogeo kinaifukuza hewani, pH inapanda. Unaongeza tone, unachoma bikaboneti nyingine. Hewa ya mezani haina CO2 ya kusema, kwa hiyo mita inaweza kukuonyesha 6.9 huku bikaboneti karibu yote imeshakwenda. Halafu unaingiza chupa kwenye inkubeta, CO2 inarudi kwa nguvu na haimkuti mtu wa kuipokea. pH inaporomoka. Ile njano uliyoiona ndiyo yenyewe: rangi ya fenoli nyekundu huwa njano pH ikishuka chini ya 6.8 hivi.

Piga hesabu ndogo. CO2 asilimia 5, ukiondoa mvuke wa maji, ni kama milimita 36 za zebaki. Zidisha kwa 0.03, unapata takriban 1.07 mmol/L ya CO2 iliyoyeyuka. pH ni 6.1 jumlisha log ya bikaboneti uliyoigawa kwa hiyo 1.07. Weka bikaboneti 24, utapata kama 7.45, karibu na damu ya mtu mzima wa afya. Weka 10, utapata kama 7.07, na hiyo ndiyo asidi ya kufanyia utafiti.

Sasa weka 44, maana DMEM ya kawaida ina 44. Inatoka 7.7. Yaani hata kontroli yako haikuwa kawaida, ilikuwa upande wa alkali. Umelinganisha alkali na kifo.

Da_Kromatini:
Mzee kamaliza upande wa midia. Mimi nataka Ct ghafi, hizi "mara 8" za kwenye grafu nimeshazichoka. Tuwekee wastani wa GAPDH na GLS, kontroli na asidi, na useme RNA uliyoingiza ilikuwa sawa au la.

Mwana_Tubuli:
RNA ilikuwa sawa, mikrogramu 1 kila sampuli, nimepima mara mbili. GAPDH: kontroli 17.2, asidi 20.2. GLS: kontroli 25.1, asidi 25.1.

...Nimeandika mwenyewe na sasa naona. Mungu wangu.

Da_Kromatini:
Ndiyo hivyo. GLS haijasogea hata nukta. GAPDH ndiyo imeshuka: Ct yake imechelewa mizunguko 3, kila mzunguko ni mara 2, na 2 mara 2 mara 2 ni 8. Hiyo 8 yako ni ya GAPDH, GLS kasingiziwa tu.

Na usishangae. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja glukosi, na asidi inabana uvunjaji wa glukosi. Kumfanya kigezo kwenye jaribio la asidi ni sawa na kumfanya mshtakiwa awe shahidi. Pima jeni 3 au 4 za kigezo za kazi tofauti kabisa, angalia zipi hazitikisiki kwenye hali zako zote, kisha tumia wastani wa kijiometri wa zilizotulia. Na usivune zilizoshika tu ukanyamaza kuhusu zilizoelea. Hesabu zote, uandike.

Msomaji_Mkimya:
Samahani naingilia. Mimi nina ugonjwa wa figo na daktari alisema damu ina asidi. Kwa hiyo nikinywa bikaboneti jeni zangu zitatulia?

Mzee_wa_Pipeti:
Ndugu yangu, hapa tunabishania seli za kwenye sahani. Bikaboneti ni dawa inayopimiwa mtu kwa vipimo vya damu. Ina sodiamu, na kwa mwenye presha au moyo dhaifu hiyo si habari ndogo. Rudi kwa daktari wako na swali hilohilo, ni swali zuri.

Kifundo_cha_Henle:
Nimechelewa, ila mtoa mada anahitaji kujua anatafuta nini, la sivyo atarekebisha midia na bado akose.

Damu ikiwa na asidi, figo inaongeza uvunjaji wa glutamini. Kila glutamini ikivunjwa mpaka mwisho inatoa amonia mbili na bikaboneti mbili: amonia inabeba asidi kwenda kwenye mkojo, bikaboneti inarudi kwenye damu. Ndiyo maana zinapanda SNAT3 inayoingiza glutamini kwenye seli, GLS inayoanza kuivunja, na PCK1 inayopeleka mabaki ya kaboni kwenye kutengeneza glukosi.

Utamu upo hapa: GLS na PCK1 zinapanda kwa njia tofauti. Kwa PCK1, asidi inaamsha protini ya p38, p38 inaamsha protini nyingine, ATF-2, na jeni inanakiliwa zaidi. GLS unakili wake hauongezeki. mRNA yake, yaani nakala ya jeni inayosomwa kuwa protini, ndiyo inayochelewa kufa. Kwenye mkia wake, baada ya sehemu inayosomwa kuwa protini, kuna vipande vya herufi 8 vilivyojaa A na U, na seli ikiwa kwenye asidi protini iitwayo zeta-kristalini inavishika kwa nguvu zaidi. (Protini hiyohiyo imejaa kwenye lenzi ya jicho la ngamia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji.)

Kwa hiyo qPCR ya mara moja haitakuambia jeni imewashwa au mRNA imerefushiwa maisha. Zuia unakili kwa aktinomisini D, vuna kila baada ya saa kadhaa, uone mRNA inapungua kwa kasi gani kwenye 7.4 na kwenye 7.0. Mistari ikiachana, ni uhai wa mRNA.

Kuhusu PCK1 kutoonekana, HK-2 zimesahau kwao. Zilifanywa ziishi milele kwa jeni za kirusi cha HPV 16, na kazi nyingi za mrija wa mwanzo zimepotea humo. Ukizilisha glukosi 25 mmol/L kila siku, za nini zihangaike kutengeneza yake? Kazi nyingi za PCK1 na asidi zilifanywa kwa LLC-PK1-F+, seli za figo ya nguruwe zilizochaguliwa makusudi kwa kukuzwa bila glukosi. Ukizipata, anza nazo. Ukikosa, baki na HK-2 ila PCK1 iondoe kwenye ahadi za mradi.

Mwana_Tubuli:
Nimeelewa, shukrani sana. Kwa hiyo ninunue DMEM ya unga isiyo na bikaboneti, nitie 24 kwa kontroli na 10 kwa asidi, basi?

Mzee_wa_Pipeti:
Usisahau chumvi. Pungufu ya bikaboneti ya sodiamu 14 fidia kwa NaCl 14, ili sodiamu na osmolariti (wingi wa vitu vilivyoyeyuka) zibaki palepale. Seli za figo zinasikia osmolariti upesi, zina protini ya NFAT5 kwa kazi hiyo, na utakuja kutuambia asidi imewasha jeni ambazo zimewashwa na upungufu wa chumvi au zimezimwa nao.

Midia iache ilale inkubeta usiku kucha, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kabla haijagusa seli. Ukitaka kupima pH, vuta kwa sindano, usiache hewa ndani, upime hapohapo. Ukipita kwanza kusalimia watu, CO2 imeshatoroka. Pima tena mwisho wa saa 48, maana seli zenyewe zinamwaga asidi ya laktiki na kontroli nayo inaweza kuteleza. Ile chupa ya zamani bado ipo?

Mwana_Tubuli:
Ipo kwenye friji. Naiweka inkubeta leo.

Mwana_Tubuli:
Nimepima asubuhi hii kama ulivyosema. 6.1.

Mzee_wa_Pipeti:
6.1 maana yake log ni sifuri. Bikaboneti yako ilikuwa sawa na CO2 iliyoyeyuka, yaani kama 1. Kati ya 44. Muhtasari wa kongamano uondoe leo, usingoje mpaka urudie jaribio.

Mwana_Tubuli:
Nimemwandikia msimamizi, nimemwekea na zile Ct nne. Amejibu: "Uondoe. Unga wa DMEM nimeshaagiza."